Uvimbe Ulipandikizwa Wapi?

Bila shaka simu yako nayo imewahi kupokea ule ujumbe uliokwisha kupita kwa watu mia, wenye kichwa cha kufurahisha: dawa mpya yaponya saratani ya ini. Unasoma mpaka aya ya nne ndipo unagundua kuwa aliyepona ni panya. Wako wanaocheka na kuufuta. Wako wanaoukimbiza kwa shemeji aliyelazwa wodini. Mimi leo nakuomba, kabla ya kucheka na kabla ya kuutuma, uulize jambo moja: panya huyo uvimbe aliupataje, na ulikaa sehemu gani ya mwili wake? Maana mara nyingi panya wa maabara mwenye saratani ya ini ni kazi ya mikono ya mtu. Kuna fundi aliyemlaza, akampasua, akamshona. Namna fundi huyo alivyofanya kazi yake inachangia sana kuamua kama habari uliyotumiwa ina uzito au haina.

Kwa nini apasuliwe? Kwa nini asiachwe augue mwenyewe? Kwa sababu haugui, au tuseme haugui kwa yale yanayotuua sisi.

Saratani ya ini iliua watu zaidi ya 750,000 duniani mwaka 2022. Kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, visababishi vyake vikubwa ni viwili: virusi vya homa ya ini B, na sumukuvu, ile sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa ghalani zikiwa na unyevu. Pombe ipo, homa ya ini C ipo, na ini lenye mafuta linatujia kwa kasi mijini, lakini hivyo viwili bado ndivyo vinavyoongoza. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, Makueni na Kitui, watu 317 walipougua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Tanzania nayo ilipata msiba wake mwaka 2016, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliofariki 20. Hiyo ni sumu iliyoingia kwa wingi na kuua upesi. Inayoingia kidogo kidogo, kwa ugali wa leo na wa kesho, kwa miaka mingi, ndani ya mtu ambaye tayari ana virusi B, hiyo ndiyo inayozaa saratani.

Sasa chukua sumu hiyo hiyo umpe panya mdogo wa maabara, yule wa gramu ishirini na kitu. Ini lake, akishakomaa, lina kimeng'enya kikali kinachoidaka sumukuvu na kuizima kabla haijagusa vinasaba. Ajabu ni kwamba binamu yake, panya mkubwa wa maabara, hana ulinzi wa kiwango hicho, na kwa kiasi kidogo tu cha sumu anapata saratani. Na virusi B? Panya havimpati kabisa. Mwaka 2012 kundi la Li Wenhui huko Beijing lilionyesha kuwa virusi hivyo huingia kwenye seli ya ini la binadamu kwa kushika protini moja iitwayo NTCP. Panya naye anayo NTCP, ila ya kwake imetofautiana kidogo na yetu, na tofauti hiyo ndogo ni sehemu kubwa ya kinachomkinga.

Wanasayansi wametafuta njia za kuzunguka. Francis Chisari na wenzake wa California walitengeneza panya wenye kipande cha vinasaba vya virusi B tangu tumboni mwa mama zao, na mwaka 1989 wakaripoti kuwa maini ya panya hao yalidhoofika kwa miezi mingi, mwishowe yakaota saratani. Wengine huwachoma watoto wa panya wa wiki mbili sindano ya kemikali iitwayo DEN, kisha wanangoja miezi minane, tisa, hata zaidi. Ni kazi nzuri, tena uvimbe unaozaliwa hivyo ndio unaokaribia zaidi ule unaojiotea wenyewe. Lakini panya anaishi kama miaka miwili tu, na mtafiti mwenye fedha za miaka mitatu na dawa kumi za kujaribu hawezi kumngojea azeeke. Ndipo anapoitwa mpasuaji.

Njia rahisi kuliko zote, kusema kweli, haihitaji kumpasua mnyama. Unachukua seli za saratani zilizooteshwa maabara, unazivuta kwenye bomba la sindano, unazichoma chini ya ngozi ya ubavuni. Baada ya wiki chache kuna kinundu unachokiona kwa macho na kukipima bila kumgusa kisu. Kama seli ni za binadamu, kinga ya panya wa kawaida itazifukuza, kwa hiyo hutumika panya uchi: hana manyoya, na tezi ya thaimasi, ambamo seli za kinga hukomazwa, hakuzaliwa nayo iliyo timamu. Jørgen Rygaard na Carl Povlsen wa Copenhagen ndio walioonyesha mwaka 1969 kuwa uvimbe wa binadamu unaweza kuota ndani ya panya wa namna hiyo.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kuna kisa kinachotuhusu Waafrika. Mwaka 1976, huko Afrika Kusini, Jennifer Alexander na wenzake walitangaza kuwa wamefaulu kuotesha maabara seli za saratani ya ini zilizotoka kwa mgonjwa wa Msumbiji. Kusini mwa Msumbiji wakati ule palikuwa miongoni mwa mahali palipoongoza duniani kwa saratani hii. Seli hizo zikapewa jina PLC/PRF/5, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika katika maabara za mabara mbalimbali. Zilikutwa zikitoa protini ya ganda la virusi B kwenye maji zinamooteshwa. Baadaye ilipochunguzwa jeni yao iitwayo p53, ile inayozuia seli isigawanyike ovyo, ikakutwa imeharibika mahali pa namba 249. Ni mahali pale pale ambapo mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza wagonjwa wa kusini mwa Afrika na jingine wagonjwa wa Qidong nchini China, yalipaona pakiharibika mara kwa mara katika sehemu zenye sumukuvu nyingi. Kwa maneno mengine, virusi na sumukuvu vyote viwili vimeacha alama zao ndani ya seli za mgonjwa mmoja.

Seli hizo za mwenzetu wa Msumbiji zilitumika kuijaribu dawa iitwayo sorafenib. Ripoti ilitoka mwaka 2006. Panya wasio na kinga, wenye uvimbe wa PLC/PRF/5 chini ya ngozi, walipewa dawa hiyo. Kwa dozi ya kati uvimbe uliacha kukua kabisa. Kwa dozi kubwa, nusu ya panya uvimbe wao ulinywea. Hebu fikiria ujumbe wa simu ungeandikwaje siku ile! Kisha dawa ikajaribiwa kwa watu, wagonjwa 602, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kwa waliopewa sorafenib muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 10.7; kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, miezi 7.9. Ikakubaliwa kuwa dawa ya saratani ya ini, na ilistahili, maana kabla yake wagonjwa waliofikia hatua ile hawakuwa na kidonge cha kutumainia. Miezi karibu mitatu si haba kwa mzazi anayetaka kumwona mwanawe akihitimu. Lakini kati ya uvimbe unaonywea kwa panya na miezi mitatu kwa mtu kuna umbali mkubwa, na sehemu ya umbali huo ilikuwa pale pale ubavuni, chini ya ngozi.

Chini ya ngozi si ndani ya ini. Ini hupokea damu kwa njia mbili: ateri yake, na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni, na huo wa pili ndio unaoleta sehemu kubwa. Ini huvunjavunja dawa. Ini lina seli zake za ulinzi, lina nyongo, na kwa wagonjwa wengi limekwisha jaa makovu kabla saratani haijaanza. Kinundu cha ubavuni hakijui lolote kati ya hayo. Mgomba ulioota jalalani ukanawiri haukuambii kitu kuhusu shamba lako la mlimani.

Twende basi kwa mpasuaji mwenyewe, anayeuweka uvimbe mahali pake.

Panya huingizwa kwanza kwenye kisanduku cha kioo chenye hewa ya isoflureni, analala, kisha huhamishiwa mezani pua yake ikiwa ndani ya kifuniko kidogo kinachoendelea kumpa dawa ya usingizi. Chini yake kuna kitu cha kumpasha joto, kwa sababu mwili mdogo namna ile hupoa upesi mno, na panya wengi katika mikono isiyozoea hufa kwa baridi, si kwa kisu. Macho hupakwa mafuta ya dawa yasikauke, maana usingizini hayafumbi. Hakuna haja ya kumnyima chakula tangu jana kama afanyiwavyo mtu: panya hawezi kutapika. Manyoya ya tumbo hunyolewa, ngozi husafishwa kwa dawa, na mkato wa sentimita moja au moja na nusu hupita katikati, chini tu ya ncha ya mfupa wa kidari. Kwanza ngozi, halafu msuli, kila kimoja peke yake.

Ukiminya mbavu kidogo kwa vidole viwili, ini linachungulia lenyewe. Linavutwa nje kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa maji ya chumvi, haliguswi kwa kibano hata siku moja, maana linachanika ukilikosea. Mara nyingi huchaguliwa pande la kushoto, ambalo ni kubwa na bapa. Sindano nyembamba huingizwa ikiwa imelala, karibu sambamba na uso wa ini, ikasogea milimita chache chini ya utando, kisha seli husukumwa polepole. Kiasi chake hakifiki tone moja, ila ndani yake huweza kuwamo seli milioni. Mara nyingi huwa zimechanganywa na jeli inayokuwa majimaji ikiwa kwenye barafu na kuganda ikipata joto la mwili. Ukiona uso wa ini umepauka na kuinuka kidogo pale kwenye ncha, umepata. Ukiona majimaji yanatiririka kando, umekosa.

Na kukosa huko si jambo dogo. Seli zilizovuja zitaota popote zitakapoangukia, kwenye utumbo, kwenye ukuta wa tumbo, na baada ya wiki tatu utaona vinundu vimetapakaa. Mtafiti asiye mwangalifu ataandika kuwa saratani imesambaa, kumbe ni mkono wake uliotetemeka. Kwa hiyo sindano haichomolewi mara moja. Fundi anasubiri jeli igande, anaichomoa taratibu, anakandamiza tundu kwa pamba, anapangusa kandokando. Damu nayo ni ya kuchungwa: panya wa gramu ishirini ana damu ya mililita moja na nusu hivi, mwili mzima. Matone kumi yakimwagika, theluthi yake imekwenda. Baada ya hapo mshono wa msuli, mshono wa ngozi, sindano ya kutuliza maumivu, na kizimba chenye joto mpaka aamke. Mwenye mkono mzoefu humaliza kwa dakika chache.

Kuna wanaopendelea kutotumia seli za chupani. Huotesha kwanza uvimbe chini ya ngozi ya panya mmoja, wanaukata vipande vya milimita moja au mbili, kisha kipande kimoja kinazikwa kwenye kijitundu kilichochanwa ndani ya ini la panya mwingine. Kuvuja kunapungua, na kipande kinakwenda na mpangilio wake wa asili. Kazi inakuwa ndefu zaidi na damu inatoka zaidi. Mimi, kama ningeulizwa, ningeamini zaidi jibu linalotoka kwenye njia hii kuliko lile la kinundu cha ubavuni, japo ni ghali na linachelewa.

Njia ya tatu hupitia kwenye wengu. Mkato mdogo ubavuni kushoto, wengu unatolewa nje, seli zinachomwa ndani yake, nazo zinachukuliwa na damu mpaka kwenye ule mshipa mkubwa unaoingia ini. Baada ya dakika chache wengu wenyewe hufungwa na kukatwa, ili uvimbe usiote humo. Hii ni njia ya wale wanaochunguza saratani iliyoanzia kwingine, kwa mfano utumbo mpana, kisha ikahamia kwenye ini. Akikuambia mtu kuwa ametibu saratani ya ini, na panya wake walipandikizwa seli za utumbo kupitia wengu, ujue anazungumzia ugonjwa mwingine.

Halafu kuna upasuaji usiopandikiza chochote. Mwaka 1931 Higgins na Anderson, Wamarekani, walieleza namna ya kufunga kwa uzi mapande mawili ya ini la panya mkubwa na kuyakata, theluthi mbili za ini zima. Ndani ya siku saba hadi kumi ini linarudia uzito wake. Mapande yaliyokatwa hayaoti tena. Yale yaliyobaki ndiyo yanayonenepa hadi kufidia. Kwa panya mdogo kuna mtego mmoja: ana kifuko cha nyongo, wakati panya mkubwa hana, na asiyekiangalia akakifunga pamoja na ini huua mnyama. Hiyo inahusikaje na saratani? Seli zinapogawanyika kwa pupa, kosa lililoingia kwenye vinasaba linarithiwa kabla halijarekebishwa. Solt na Farber wa Toronto, mwaka 1976, walitumia jambo hilo: kemikali kwanza, kisha kukata ini, na vinundu vya mwanzo vya saratani vikatokea kwa muda mfupi sana. Wengine hufunga mfereji wa nyongo ili ini lijae makovu kwanza, ndipo waendelee. Mgonjwa wa kweli mara nyingi ana ini la namna hiyo, kwa hiyo nawaunga mkono, ingawa panya wengi hupotea njiani.

Limebaki suala la kinga. Dawa za sasa, kama ule mchanganyiko wa atezolizumab na bevacizumab ambao mwaka 2020 ulionekana kuishinda sorafenib, kwa sehemu kubwa zinategemea kuiamsha kinga ya mgonjwa. Panya uchi hana cha kuamshwa. Hapo seli za binadamu zinawekwa kando, zinachukuliwa za panya, kama Hepa1-6, na kupandikizwa kwenye panya mwenye kinga kamili. Nazo zina vituko vyake: wakati mwingine uvimbe wa Hepa1-6 huyeyuka wenyewe bila dawa yoyote, kwa sababu mwili umeutambua kuwa mgeni. Ndiyo maana kundi la panya wasiopewa dawa si pambo la ripoti. Bila hilo, dawa inaweza kusifiwa kwa kazi ambayo mwili wa panya ulijifanyia.

Kuna watakaouliza kuhusu huruma, na wana haki. William Russell na Rex Burch, Waingereza, waliandika mwaka 1959 mambo matatu ambayo bado ndiyo kipimo: tumia kitu kingine badala ya mnyama inapowezekana, punguza idadi, na punguza maumivu. Katika upasuaji huu huruma na ukweli vinakwenda pamoja. Panya mwenye maumivu hali, anakonda, anakunja mgongo kwenye kona, na mwili wake unabadilika kiasi kwamba hujui unapima dawa au unapima mateso. Panya aliyepasuliwa vibaya ameteswa bure, na namba zake zinapaswa kutupwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, ujumbe ukikufikia tena, tafuta mambo haya ndani yake. Uvimbe ulikuwa chini ya ngozi au ndani ya ini? Seli zilikuwa za nani? Panya alikuwa na kinga au hana? Ini lilikuwa zima au lilikuwa na makovu? Ujumbe usiojibu hata moja, usimsumbue nao shemeji yako.

Na wewe mwenyewe, tofauti na panya, virusi B vinaweza kukuingia. Chanjo iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tunaosikilizana usiku huu tulizaliwa kabla. Nenda hospitali ukapime. Usipokutwa navyo, omba chanjo: ni sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ukitimia mwezi wa sita. Ukikutwa navyo, usikae nyumbani. Zipo dawa za kuvituliza, tenofovir ikiwa mojawapo. Na mahindi yaliyoota kuvu yatupe, usimpe hata ng'ombe wa maziwa, maana sumu hiyo hutokea kwenye maziwa.